Uzi: "Serikali ya nusu mkate", huu msemo ulitoka wapi hasa?

#1 KijanaWaKaptembwa
Wakuu habari za leo. Juzi kwa kinyozi hapa Kaptembwa kulikuwa na ubishi mkali mpaka msee mmoja akaachwa amenyolewa upande mmoja. Jamaa anasema hii serikali jumuishi ya Ruto na watu wa Raila ni nusu mkate tu kama ile ya Kibaki na Raila 2008, mwingine anaapa nusu mkate ilikuwa moja na ikaisha 2013. Kinyozi akauliza, kwani nani alianza kuita serikali mkate? Kimya. Mimi 2008 nilikuwa darasa la pili so sina msaada. Wazee wa humu, maana yake halisi ni gani na ilianzia wapi? Nimeskia ni Raila ndio aliianzisha lakini kila mtu anasema "nimeskia".

#2 Jakom_Kondele
Ni Baba, Raila mwenyewe. Mod funga uzi twende kwa mpira.

#3 Mwalimu_Butere
Mulembe. Mod asifunge kitu. Huo msemo haukuzaliwa Kenya. Waingereza wana methali kwamba nusu mkate ni afadhali kuliko kukosa kabisa, na imeandikwa kwenye vitabu vyao tangu 1546, nimewafundisha watoto hiyo kitu mpaka chaki ikaisha. Wanasiasa wetu walisomea Kiingereza, wahariri wetu vilevile, so Kofi Annan alipokuja kupatanisha Kibaki na Raila baada ya ghasia za kura ya 2007 mtu mmoja akaitafsiri tu, ikashika. Mkataba ulitiwa sahihi Aprili 2008 na kuanzia hapo ndio ikajaa midomoni. Hakuna fumbo hapo.

#4 Mama_Skonzi
Mwalimu kwa heshima zote, wewe huuzi mkate. Mimi nimekuwa na duka Free Area tangu Moi akiwa kwa kiti, na nusu mkate tulikuwa tunakata kabla Annan ajue njia ya kuja huku. Mteja anafika jioni, hana ya mzima, anasema mama nikatie nusu. Unachukua ule wa gramu 400, unaukata katikati karatasi ikiwa bado imeuvaa, na kisu kiwe cha meno sio kile cha nyanya ama unaufinya unatoka kama sponji. Mteja wa kwanza anaenda na yake ikiwa laini. Ile imebaki inakaa hapo kwa rafu, uso wake umeangalia hewa, ikifika saa mbili usiku imekauka, na anayekuja wa pili analipa bei ileile akijua.

Alafu kitu ingine watu hamjui. Nusu mbili hazilingani na mzima kwa bei. Mwenye duka lazima aongeze kidogo kwa kila nusu juu ingine inaweza kumlalia. So familia mbili zikinunua nusu nusu, zimelipa mkate mmoja kwa pesa zaidi ya mkate mmoja. Walipotangaza baraza la mawaziri 40 sisi wa maduka tulicheka sana, tukasema hawa wamenunua kwetu. Hiyo ndio asili, haina cha Uingereza.

#5 WakiliBaridi
Marekebisho kidogo kabla uzi uharibike. Mkataba haukutiwa sahihi Aprili. Kibaki na Raila walitia sahihi tarehe 28 Februari 2008, nje ya Harambee House, Annan na Kikwete wakiwepo. Bunge likapitisha sheria ya maridhiano Machi pamoja na kubadilisha Katiba ya zamani ili cheo cha waziri mkuu kiwepo. Aprili ndio baraza lilitangazwa na Raila akaapishwa tarehe 17.

Na jambo la pili, ile sheria haikusema nusu kwa nusu mahali popote. Ilisema serikali ionyeshe nguvu ya kila chama bungeni, na uzito wa wizara uzingatiwe. "Nusu" ni ya wananchi na wanasiasa, si ya sheria.

#6 FundiSolo_Bondeni
Wakili hiyo komenti umetuchaji ngapi 😂
Mama Skonzi swali ya maana, siku hizi nusu ni how much kwako?

#7 Mama_Skonzi
Mzima 65, nusu 35. Piga hesabu mwenyewe kijana wangu.

#8 Mwalimu_Butere
Aprili ama Februari, methali ni ileile. Na mama, kukata mkate dukani sikatai, kila nchi inakata. Swali ni nani aliitoa dukani akaipeleka kwa siasa. Mteja wako hawezi kuamka asubuhi aite baraza la mawaziri mkate bila mtu kumfungulia njia, na hiyo njia ni methali.

#9 Mpwani_Milimani
Salaam. Mimi ni wa Mombasa ila kazi imeniweka Kisumu. Nina ushahidi mdogo: msemo huu ni wa bara, hilo nina hakika. Kwetu mkate huu wa duka ni boflo. Ukisema mkate tu, mtu atakuuliza mkate gani, wa sinia, wa mofa au wa maji? Ingekuwa umetoka pwani mngekuwa mnabishana hapa kuhusu serikali ya nusu boflo.

Na sisi tulikuwa na neno letu tayari, mseto. Redioni ndilo lililotumika sana, serikali ya mseto. Mseto kwetu ni wali uliopikwa pamoja na pojo ukapondwa, ukishaiva huwezi tena kusema hii punje yangu hii yako. Zanzibar walipounda Serikali ya Umoja wa Kitaifa 2010 baada ya kura ya maoni, wengi waliiita mseto vilevile. Watu wa bara nyinyi mkaona mseto hauelezi mlichokiona, maana hakuna kilichochanganyika. Kila mtu alikaa na chake mkononi akimwangalia mwenzake.

#10 Jaber_Nyalenda
Mpwani hiyo ya mwisho umeniua 🤣🤣 kweli hawakuchanganyika. Mnakumbuka 2009 PM Raila alilalamika hadharani mambo ya choo na mkeka huko kwenu pwani? Watu wakatoka na "nusu mkeka". So ilianza mkate ikaenda mkeka. Mimi hapo ndio nilianza kuskia nusu hii nusu ile kila mahali, ata kondakta akikukalisha wanne kwa kiti ya watu watatu anakwambia madam ni nusu mkate vumilia.

#11 Jakom_Kondele
Sawa mpira imeisha wacha niongee vizuri. Mnasahau Januari. Kura ilikuwa 27 Desemba 2007. Tarehe 8 Januari Kibaki akatangaza sehemu ya baraza, Kalonzo akapewa umakamu wa rais, zingine zikaachwa wazi. Huku Kondele, Kisumu, watu waliwaka. Sasa fikiria, umeibiwa mkate, ni hasira ulikuwa nayo, alafu mwizi anakula nusu ya kwanza mbele yako anakwambia hii ingine kuja tuongee. NUSU ilianzia hapo. Sisi tulikuwa tunasema tunataka mkate mzima, kwa barabara, kabla Annan apande ndege. So mwalimu asituletee 1546, ilikuwa 2008 na nilikuwa hapo karibu na raundabauti.

Na Baba alikuwa na vitendawili na mpira, mikutano yake ilikuwa hivyo, kama ni mtu wa kuchukua kitu ya duka aipeleke kwa jukwaa ni yeye.

#12 FundiSolo_Bondeni
"umeibiwa" ndio imeanza sasa 🙄 tulikubaliana humu hatuingii hiyo

#13 Mzee_wa_Njoro
Vijana, punguzeni moto. Mimi nasoma tu lakini mmenivuta.

Mnaongea kama ya 2008 ilikuwa mara ya kwanza watu kugawana. Juni 2001 Moi alimwingiza Raila na wenzake wa chama chake cha NDP serikalini, Raila akapewa Kawi, Adhu Awiti akapewa Mipango. Mwaka uliofuata Machi KANU ya Moi na NDP vikaungana pale Kasarani. Haikudumu, Oktoba wakatoka wakaenda kwa Kibaki. Hapo sasa kukawa na MoU, yaani makubaliano, ya NAK ya Kibaki na LDP ya akina Raila, viti nusu kwa nusu na cheo cha waziri mkuu ndani yake. Kura wakashinda vizuri sana, Kibaki akaapishwa akiwa kwa kiti cha magurudumu, na ile MoU ikawekwa kabatini. Wale wa LDP walilia miaka mitatu kuhusu nusu yao. Kura ya maoni ya Katiba Novemba 2005, chungwa (hapana) na ndizi (ndio), serikali ikashindwa, Kibaki akavunja baraza lote na alipolirudisha wale hawakuwemo.

So mimi nusu nilianza kuiskia 2003, si 2008. Kama ilikuwa na mkate mbele yake au la, sitaapa, lakini nusu ilikuwa midomoni. 2008 watu walikuwa wanadai deni la zamani.

Na mwalimu, kabla uende Uingereza, Kiswahili kina yake: heri nusu shari kuliko shari kamili. Mliokuwa Nakuru na Naivasha ile Januari mnajua shari ilikuwa imefika wapi. Tume ya Waki iliyochunguza zile ghasia ilihesabu waliokufa 1,133. Mkate ulikuwa wa wakubwa. Sisi tulikubali kwa sababu ya shari.

#14 KijanaWaKaptembwa
Mzee asante, hiyo ya 2001 sikuwa najua kabisa.

#15 Bado_Nakuru
Huwa siandiki humu lakini mzee ametaja.

Sisi tulikuwa kambi ya wakimbizi ya Showground, Nakuru. Mama, mimi na wadogo zangu, tulitoka upande wa Molo na godoro moja na redio. Asubuhi kulikuwa na foleni ya chai, sufuria kubwa zile za shule, na mkate ukiletwa haukuwa unatosha, so waliokuwa wanagawa walikuwa wanakata. Watu wazima robo, mama mwenye mtoto mchanga nusu. Mamangu alikuwa anaazima mtoto wa jirani ndio apate nusu 😅 mpaka siku moja yule mama anayegawa akauliza huyu mtoto ana mama wangapi.

Siku Annan aliposimama kwa TV na wale wawili, redio yetu ilikuwa imezungukwa na watu kama ishirini. Mzee mmoja akasema kwa Kikuyu wamepata nusu, kama mama wa mtoto. Watu wakacheka vibaya sana. Sisemi ndio ilianzia hapo. Nasema sisi nusu mkate haikuwa siasa, ilikuwa foleni.

#16 Mama_Skonzi
Pole sana mwanangu. Free Area pia tulikuwa tunapeleka huko vile tungeweza.

#17 Jaber_Nyalenda
@Bado_Nakuru pole. Huyo mamako lakini, salimia yeye 🙌🏾

#18 HustlerWaKimilili
Ok mmetoa machozi, sasa turudi kwa swali ya bwana wa Kaptembwa. Hii ya sasa ni nusu mkate ama sio? Juu mimi nilipiga kura 2022 nikiambiwa hakuna handisheki kama ile ya Uhuru na Raila 2018, hakuna nusu mkate, 2023 maandamano ya sufuria tukaambiwa tena hakuna, Bomas wakaongea mpaka wakachoka. Alafu vijana wakaingia bunge Juni 2024, Julai nikaona Mbadi Hazina, Wandayi Kawi, Joho Madini, Oparanya Ushirika. Machi 2025 Ruto na Raila wakatia sahihi KICC mchana peupe. Kama hiyo sio nusu mkate mimi ni mchina.

#19 WakiliBaridi
Ndugu, shuka kidogo. Kuna tofauti kubwa na ndiyo inafanya msemo uchanganye watu.

2008 kulikuwa na sheria na Katiba ikaguswa. Waziri mkuu hangeweza kufutwa na rais vile anapenda, ilihitaji bunge. Wizara zilikatwa kihalisi. Afya ilikuwa moja, wakaifanya mbili: Nyong'o wa ODM ya Raila akachukua Huduma za Matibabu, Beth Mugo wa PNU ya Kibaki akachukua Afya ya Umma. Elimu hivyo hivyo, Ongeri upande mmoja, Sally Kosgei Elimu ya Juu. Ukienda hospitali ya wilaya hukujua dawa ni ya waziri gani na choo ni cha nani.

Sasa hivi Katiba ya 2010 inasema mawaziri wasipungue 14 wasizidi 22, na mbunge hawezi kuwa waziri mpaka aache kiti. Rais anateua na anafuta. Waliotoka ODM walipewa, hawakugawana. Makubaliano ya KICC ni ya vyama viwili, si sheria ya bunge. Kwa hiyo mimi nasema si nusu mkate, ni kualikwa chai.

#20 FundiSolo_Bondeni
So ni slaisi mbili za ganda, zile za mwisho wa karatasi ambazo watoto wanaacha 💀

#21 HustlerWaKimilili
Wakili na Hazina ya kitaifa ni ganda?? Hazina ndio siagi yenyewe! 2008 ODM walinyimwa Fedha, walinyimwa Ulinzi, walinyimwa Usalama wa Ndani, wakapewa Ardhi na Kilimo na Barabara na kelele. Ukipima kwa uzito hii ya sasa inaweza kuwa tamu kuliko ile. Na huku kwetu tayari tuliambiwa serikali ni kampuni ya hisa, Gachagua mwenyewe, naibu rais wa wakati huo, alisema 2023, alafu hisa zake zikauzwa akiwa bado ofisini. So mkate umekuwa hisa, hisa imekuwa chai. Kesho itakuwa nini

#22 Jakom_Kondele
Usiongelee hisa za mtu aliyefutwa kama ni kicheko, huku Baba alikuwa anafutwa tangu utotoni mwako. Na mkimtaja mtaje kwa heshima, ametuacha Oktoba 2025 na hajawahi kula huo mkate mzima. Alikula nusu, akala handisheki, mwisho akawaachia wenzake waonje.

Lakini kwa uzito nakubaliana na Kimilili. Fedha ni Fedha.

#23 NyarKibos
Wadau hi. Mimi nitaongeza venye hii neno inatumika nyumbani juu naona mko kwa wakubwa tu. Kwa wakwe zangu Vihiga mzee alikufa akaacha posho mill, na vijana wawili hawaongei. Wazee wa ukoo wakakaa wakasema tutafanya nusu mkate: wiki hii huyu, wiki ijayo yule, kila mtu na kufuli yake. Sasa kila Jumapili jioni kuna mtu anafungua kufuli na mwingine anafunga, na dizeli hakuna anayenunua kwa sababu kila mmoja anasema itanunuliwa na wiki ya mwenzake. Mkanda ukikatika unangoja zamu ibadilike. Watu wanabeba mahindi mpaka kwa jirani.

Na hakuna mtu pale anafikiria Kibaki ama Annan ama Waingereza. Ukisema nusu mkate wanaelewa kufuli mbili.

#24 Mpwani_Milimani
Dada, hiyo kufuli mbili ndiyo maana niliyokuwa naitafuta. Si kugawana chakula, ni kugawana funguo. Hata ule mzozo wa choo na mkeka 2009 ulikuwa wa nani anashika ufunguo wa itifaki.

#25 Mwalimu_Butere
Mmezunguka mpaka posho mill lakini bado hakuna aliyeleta karatasi. Maneno yanaachwa kwa magazeti. Mzee wa Njoro anasema nusu ilikuwepo 2003, Kondele anasema Januari 2008, Mama anasema tangu Moi. Basi yeyote mwenye Taifa Leo ya 2003 hadi Februari 2008 afungue atuonyeshe maneno "nusu mkate" yakiwa kwa siasa. Yakipatikana kabla ya Annan kufika nitanyamaza. Yasipopatikana, methali yangu inabaki.

#26 Mzee_wa_Njoro
Mwalimu, watu hawaongei kwa idhini ya gazeti. Neno linaweza kukaa sokoni miaka kumi kabla mhariri alipande.

#27 Mwalimu_Butere
Sawa mzee wangu, lakini linaweza pia kutoka kwa mhariri likaingia sokoni kesho yake. Ndio nasema tulete karatasi.

#28 Mama_Skonzi
Magazeti ya 2003 mimi nilifungia nyama na mkate, mwalimu. Usiniangalie.

#29 Bado_Nakuru
🤣🤣 ushahidi uliliwa

#30 KijanaWaKaptembwa
Mjomba wangu alikuwa anaweka magazeti, yako kwa sanduku mbili za bati huko Subukia, anasema ni ya kuanzia NARC ya Kibaki mpaka 2010 hivi lakini mchwa wameingia moja. Nikienda wikendi nitapiga picha yenye nitapata. Kuna mtu wa Kisumu anaweza kucheki maktaba ya kaunti?

#31 Jaber_Nyalenda
Mimi niko karibu nitaenda Alhamisi nikitoka job. Lakini mnipe tarehe, siwezi soma miaka mitano nikisimama. Nianze 8 Januari 2008 ama nianze MoU?

#32 Jakom_Kondele
Anza 8 Januari.

#33 Mzee_wa_Njoro
Anza MoU, Oktoba 2002.

#34 FundiSolo_Bondeni
Dada soma nusu ya huyu na nusu ya yule alafu utuletee bili